KAMBI ZA LIKIZO: TUNAMKABIDHI NANI WATOTO WETU?

(Hii ni matini ya mada iliyowasilishwa msikitini mbele ya wazazi na walezi, baada ya Swala ya Alasiri, kuelekea likizo ya mwisho wa mwaka.)

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.



Shule zinakaribia kufungwa. Kwenye mbao za matangazo za misikiti yetu, kwenye nguzo za umeme na kwenye simu zetu yameanza kuenea matangazo ya kambi: kambi ya kuhifadhi Qur'an, kambi ya masomo kwa watahiniwa, kambi ya michezo, kambi ya ufundi na ujasiriamali. Kila tangazo lina picha ya watoto wanaocheka, lina namba ya kulipia ada, na lina tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Lisilokuwemo, mara nyingi, ni jina la mtu atakayekuwa macho usiku hali ya kuwa mwanao amelala. Mada yetu ya leo inahusu hilo lisilokuwemo, na namna mzazi anavyopaswa kuchagua kabla ya kulipa.

KAMBI SI JAMBO GENI

Kambi za watoto wakati wa likizo, kwa sura tunayoiona leo, asili yake ni Marekani. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa jimbo la Connecticut, Frederick William Gunn, aliwatoa wanafunzi wake madarasani, wakatembea kwa miguu hadi ufukweni, wakapiga mahema, wakavua samaki na kuogelea. Baadaye jambo hilo likawa ada ya nchi nzima, kwa kuwa shule zao hufungwa kwa miezi miwili na zaidi wakati wa kiangazi. Sisi Juni yetu ni kipupwe, na Desemba yetu ni joto na mvua. Shule za Tanzania hufungwa katika vipindi hivyo viwili, na wenzetu wa Kenya hufunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo sura ya jambo tumeiazima, lakini hali ya hewa, muda na haja za watoto ni vyetu wenyewe.

Tena hata kabla ya hapo, wazee wetu wa pwani na wa kusini walikuwa na kumbi, ambako vijana walitengwa na kufundishwa. Hatuzungumzii hapa mila na itikadi zilizochanganywa humo, kwani hayo yana mahali pake. Tunazungumzia utaratibu. Kumbi ilikuwa na kusudio moja lililojulikana na kila mtu. Ilikuwa na msimu wake, chakula kikiwa kimeshavunwa. Na aliyekaa na watoto alikuwa mtu ambaye kijiji kizima kilimjua yeye, baba yake na nyumba yake. Wengi wetu leo tunamkabidhi mtoto kwa namba ya simu.

FUNZO KUTOKA KWA NABII YAAQUB (A.S.)

Katika Suratu Yusuf, kuanzia aya ya 11, Allah (s.w.) ametusimulia habari za ndugu waliomwendea baba yao wakitaka kumchukua mdogo wao, watoke naye siku ya pili yake ili afurahi na kucheza, nao wakajitolea kuwa walinzi wake. Tuzingatie mambo matatu.

La kwanza, Nabii Yaaqub (a.s.) hakuupinga mchezo. Hakusema kwamba mtoto wa nyumba ya Utume hapaswi kucheza. Mzazi anayeona kila mchezo wa likizo ni upotevu wa wakati na atazame hapo.

La pili, hofu yake aliitaja kwa uwazi: mbwa mwitu, na kughafilika kwa walinzi. Wao wakajibu kwamba wao ni kundi lenye nguvu. Baba ametaja kughafilika, watoto wamejibu kwa wingi wao. Na hivyo ndivyo wanavyojibu baadhi ya waandaaji hadi leo. Unauliza ni nani anakesha na watoto, unajibiwa kwamba kambi ina mamia ya watoto na inafanyika kila mwaka. Wingi si ulinzi. Yusuf (a.s.) alitumbukizwa kisimani na watu walio wengi.

La tatu, miaka ilipopita na wakataka kumchukua ndugu yake mwingine, aya ya 66 inatufahamisha kwamba baba hakumtoa mpaka walipompa ahadi thabiti kwa jina la Allah kuwa watamrudisha. Na juu ya ahadi hiyo akawapa maelekezo ya namna ya kuingia mjini. Huyu ni Mtume wa Allah, mwenye kumtegemea Mola wake kuliko sisi sote, na bado alitaka ahadi na akatoa maelekezo. Basi mzazi anayesema "tumemwachia Mungu" bila kuuliza lolote, tawakkul hiyo ameisoma wapi?

MJUE MTOTO KABLA YA KUIJUA KAMBI

Sisi walimu wa madrasa huulizwa mara kwa mara: "Ustadhi, kambi ipi ni bora?" Jibu letu huwa ni swali: mwanao ni nani, na mwaka huu amepungukiwa na nini? Tabibu haandiki dawa kabla ya kumwona mgonjwa. Kambi iliyomfaa mtoto wa jirani inaweza kumdhuru wako, na hakuna kati yao aliye na kasoro.

Tuanze na mtoto anayesoma shule ya bweni. Huyu amelala kambini mwaka mzima. Amekula kwa kengele, ameamka kwa kengele, na wadogo zake wamekuwa yeye hayupo. Kambi bora kwake ni nyumbani. Alale chumba kimoja na ndugu zake, aende sokoni na baba yake, akae jikoni na mama yake, amzuru bibi yake kijijini. Kuunga udugu ni katika mambo makubwa ya dini yetu, na mtoto hawezi kuunga udugu na jamaa asiowajua.

Wa pili ni mtoto anayehitaji kambi ya masomo. Kambi hii humfaa mwenye pengo linalojulikana katika somo linalojulikana, akapata mwalimu wa somo hilo katika darasa dogo. Ama kumpeleka mtoto akarudie masomo yote, kuanzia alfajiri hadi usiku, eti kwa sababu wenzake wote wamekwenda, huko ni kumchosha kabla ya Januari kufika. Nchini Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, imekataza wanafunzi kuwekwa katika masomo ya ziada wakati wa likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Wenzetu hawakufika hapo kwa kuchukia elimu. Tena kabla ya kulipa ada, mzazi ahakikishe sababu ya kufeli. Yupo mtoto anayefeli hisabati kwa kuwa haoni ubaoni. Huyo anahitaji miwani.

Wa tatu ni yule anayepelekwa kambi ya Qur'an. Hili ni jambo tukufu, na kwa sababu hiyohiyo linahitaji hesabu. Msahafu uliochapwa Madina una kurasa 604, na juzuu moja ni takriban kurasa 20. Tangazo likiahidi juzuu tano kwa siku 30, maana yake ni kurasa 100, yaani zaidi ya kurasa tatu kila siku, bila siku ya mapumziko na bila siku ya kurudia. Ikiwa mwanao madrasani huhifadhi nusu ukurasa kwa siku, anaahidiwa kwenda zaidi ya mara sita ya mwendo wake. Wapo watoto waliojaaliwa wakaweza. Wengi hurudi na idadi kubwa midomoni, na baada ya miezi miwili haikubaki hata robo yake. Mtume (s.a.w.) alitutahadharisha kuhusu wepesi wa Qur'an kuponyoka kwenye vifua, akaifananisha na ngamia anayechomoka katika kamba yake. Kambi nzuri ya Qur'an hutengeneza kwanza kile mtoto alichokwisha kuhifadhi, hurekebisha tajwidi yake, huongeza kidogo, kisha humwandikia mwalimu wake wa madrasa ilipoishia kazi, ili naye aanzie hapo.

Na iulizwe pia habari ya fimbo. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu angali kijana mdogo, na akashuhudia kwamba hakuwahi kumtamkia hata neno la kuudhika. Mwalimu anayesema Qur'an haiingii ila kwa kiboko, na atuambie mwendo huo ameurithi kwa nani.

Wa nne ni mtoto anayeshinda ameinamia simu, mwili mzito na mikono haina kazi. Huyu kambi ya michezo au ya ufundi ni tiba kwake. Wapo watoto waliozaliwa hatua chache kutoka baharini na hawajui kuogelea. Kuwafundisha ni kuokoa nafsi, maadamu yupo mwokoaji anayejua kazi yake, na wavulana na wasichana wametengewa nyakati zao. Akienda kwenye ushonaji, useremala au kilimo, arudi na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, hata kama ni kibao cha kukalia kisichosimama sawasawa.

KUTWA AU KULALA?

Baada ya kuijua aina, liko swali la pili: je, mtoto arudi nyumbani jioni, au alale huko? Kwa mtoto mdogo ambaye hajafikia miaka kumi, rai yetu ni kambi ya kutwa, iliyo karibu, inayokwisha Alasiri. Kulala nje ni ngazi, na ngazi hupandwa kidato baada ya kidato. Je, mwanao amewahi kulala kwa shangazi yake siku tatu akatulia? Anaweza kufua nguo zake, kutunza vitu vyake, kusema "hapana" kwa mkubwa wake, na kueleza anapoumwa wapi? Ikiwa bado, hayo ndiyo masomo ya likizo hii, na mwalimu wake ni wewe.

Pia mtoto mwenyewe aulizwe. Nabii Ibrahim (a.s.) alipopewa amri nzito kuliko zote, alimweleza mwanawe na kumtaka atazame anaonaje. Itakuwaje sisi tushindwe kumuuliza mtoto kuhusu wiki tatu za kambi? Mtoto akikataa, asikemewe kabla ya kusikilizwa. Huenda ni uvivu, na huenda yuko mtu anayemwogopa.

MAMBO SITA YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kwanza, nani anakesha? Taja idadi na majina. Jumuiya ya kambi nchini Marekani, American Camp Association, iliyoanzishwa mwaka 1910, imeweka kiwango: kwa watoto wa miaka 6 hadi 8 wanaolala kambini, msimamizi mmoja kwa watoto sita, kwa wa miaka 9 hadi 14, msimamizi mmoja kwa watoto wanane. Sisi hatulazimiki kufuata kiwango chao, lakini kambi yenye watoto 80 na walimu watatu ijue iko mbali kiasi gani na jambo hilo. Wasimamizi wa wasichana wawe wanawake.

Pili, analala wapi? Mwezi Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, bweni lililochomwa moto liliua wanafunzi 67. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2020 moto wa bweni katika shule ya msingi ya Kiislamu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, uliwaua wanafunzi 10. Allah awarehemu wote. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifungukie nje, madirisha yasiwe na nondo, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2. Mzazi aende na macho yake, ahesabu milango, na aulize usiku funguo hukaa kwa nani. Na juu ya hayo tunayo mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kuwatenganisha watoto malazi wafikapo miaka kumi. Vijana wa miaka 17 wasilazwe na watoto wa miaka 9, na asiwepo mtu mzima yeyote, awe ustadhi au mpishi, anayekaa faragha na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa.

Tatu, mahali penyewe pakoje? Tarehe 4 Julai 2025, katika jimbo la Texas, mto Guadalupe ulifurika usiku na kuwaua wasichana na walezi wao 27 katika kambi iitwayo Camp Mystic, kambi iliyokuwapo tangu mwaka 1926. Karibu miaka mia ya sifa njema haikuyazuia maji. Nasi tuulize: wakati huu wa mvua, kambi iko bondeni? Mto uko umbali gani? Ikinyesha usiku watoto watahamishiwa wapi?

Nne, maji, chakula na dawa. Maji ya kunywa yanachemshwa? Kila kitanda kina chandarua? Mtoto mwenye pumu, kifafa au selimundu, nani atajua la kufanya, zahanati ya karibu iko wapi, na kuna gari usiku?

Tano, mlango wa mzazi. Je, unaruhusiwa kufika bila kutoa taarifa? Mtoto anaweza kukupigia simu bila mtu kumsimamia? Kambi inayosema wazazi wasije mpaka siku ya kufunga, kwa hoja kwamba watoto watavurugika, iachwe.

Sita, maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, imeamrisha deni liandikwe na liwekewe mashahidi. Ikiwa fedha inaandikwa, je, mtoto? Pawepo fomu yenye majina ya wahusika, anwani, muda, na jina la mtu pekee anayeruhusiwa kumchukua mtoto.

BANGO LA KIISLAMU SI DHAMANA

Ndugu zetu, lipo jambo ambalo watu huogopa kulitaja msikitini, nasi tutalitaja. Baadhi ya watoto hudhalilishwa na watu waliokabidhiwa kuwalea, na wanaofanya hivyo huchagua kazi zinazowaweka karibu na watoto. Hawatembei na alama usoni. Yupo anayevaa kanzu, kama yupo anayevaa suti. Jina la Kiislamu kwenye bango halimlindi mtoto. Kinachomlinda ni utaratibu na macho ya wazazi.

Na linapotokea, Allah atukinge, huja watu wenye ndimi laini wakasema: "Tumsitiri ndugu yetu, tusiichafue taasisi." Huku ni kuipindua dini. Sitara ni kwa mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Ama mwenye kumdhulumu mtoto, kumficha ni kumsaidia aende kwa mtoto mwingine. Dhuluma huzuiwa kwa kuushika mkono wa dhalimu. Tanzania inayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na Tanzania na Kenya zote zina namba ya simu 116 kwa ajili ya kutoa taarifa za watoto. Kutoa taarifa hapo ni katika kuitekeleza amana, na taasisi njema haitachafuka kwa kumtoa mhalifu aliyejificha ndani yake.

TUNALOPENDEKEZA

Tunapendekeza kila msikiti uteue wazazi watano, wakiwemo akina mama, waitembelee kila kambi inayotangazwa kwenye ukuta wake kabla tangazo halijabandikwa. Waulize mambo hayo sita na wasome majibu mbele ya jamaa. Wapo miongoni mwetu wasioweza kusoma fomu, na wapo wanaoona haya kumhoji ustadhi. Jamaa iwahoji kwa niaba yao. Na muandaaji mkweli atafurahi kuulizwa, kwani majibu anayo.

Na mtoto akirudi, tusianze kwa kumuuliza amehifadhi juzuu ngapi. Tumpe chakula, tumwache alale, kisha tumuulize alicheka na nani, aliogopa nini, na angependa kurudi au la. Anayezoea kusikilizwa katika madogo atayasema makubwa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kwamba ataulizwa kuhusu alichokichunga. Siku hiyo hatutaweza kujibu kwamba tangazo lilikuwa zuri na ada ilikuwa nafuu.

Tunamwomba Allah (s.w.) awahifadhi watoto wetu wanapokuwa mbele ya macho yetu na wanapokuwa mbali nayo, awape walimu wenye huruma na elimu yenye manufaa, awafariji wazazi waliopotelewa na watoto wao, na atujaalie kuwa wachunga wasioghafilika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.